Kumpima programa kabla ya kumwajiri Kigoma: cheti, ubao, kazi ya kulipwa au miezi ya majaribio?

Meneja wa SACCOS ya Kasulu, mfanyabiashara wa dagaa anayepokea mzigo Kibirizi na shirika dogo la Kibondo linalotaka mfumo wa kuandikisha wanufaika hufika wote kwenye swali lilelile: kati ya hawa waliotuma maombi, nani anaijua kazi kweli? Swali hili lina uzito zaidi huku kwetu kuliko Dar es Salaam. Kule ukikosea, unatangaza upya na maombi yanajaa. Huku waombaji ni wachache, wengine wako zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mara nyingi unayemwajiri ndiye atakuwa programa pekee ofisini. Hana mwenzake wa kuyaona makosa yake. Mfumo ukikokotoa riba vibaya, atakayegundua ni mwanachama aliyekuja kulalamika dirishani, tena miezi imeshapita.

Nimezilinganisha njia ambazo waajiri wa mkoa huu huzitumia au hushauriwa kuzitumia. Kwa kila moja nimetazama inaonyesha nini, inaficha nini na gharama yake inambebesha nani. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa ofisi nyingi za Kigoma, kazi ndogo ya kulipwa inayofanana na kazi halisi, ikifuatwa na mazungumzo yenye maswali yaliyoandikwa, inazishinda nyingine zote. Zipo hali chache ambapo ningechagua vingine, nazo nitazitaja.

Cheti na miaka ya uzoefu

Cheti kinaonyesha kwamba mtu alikaa darasani akafaulu mitihani. Hilo si jambo dogo. Aliyesomea kompyuta chuoni amekutana na mambo ambayo aliyejifunza mwenyewe huenda ameyaruka, kama vile namna databesi inavyolinda kumbukumbu watu wawili wanapoandika kwa wakati mmoja. Ila cheti hakikuambii kama ataweza kuusoma mfumo ulioandikwa na mwingine na kuurekebisha bila kuuvunja, na kazi nyingi za programa ndizo hizo.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi wa kazi za kila aina. Kwa kipimo ambacho 0 maana yake hakuna uhusiano wowote na utendaji kazini, na 1 maana yake uhusiano kamili, miaka ya shule ilipata 0.10 na miaka ya uzoefu 0.18. Kwa hiyo tangazo linalodai "shahada na uzoefu usiopungua miaka mitano" linachuja watu kwa vigezo viwili dhaifu, na linamfungia mlango kijana wa Ujiji aliyejifunza kwa laptopu ya kuazima na bando la usiku. Hakiki vyeti ujue kama ni halali, kisha viweke pembeni.

Kazi ambazo mtu amekwisha kuzifanya zina thamani kubwa kuliko cheti, kwa sharti moja: azifungue mbele yako. Mfumo anaouonyesha unaweza kuwa uliandikwa na kundi la watu sita, au ulichukuliwa mtandaoni ukabadilishwa rangi. Mwombe akuonyeshe sehemu aliyoiandika mwenyewe, kisha akueleze kwa nini aliifanya vile badala ya njia nyingine. Aliyeiandika atakumbuka palipomsumbua. Asiyeiandika ataanza kukusifia mfumo.

Ubaoni, mbele ya jopo

Njia hii ilienezwa na kampuni kubwa za Marekani. Mwombaji husimama ubaoni, hupewa swali kama la kupanga orodha au kutafuta njia fupi, naye huandika programu kwa kalamu huku akitazamwa. Sisi tumeiongezea jopo: mwenyekiti wa bodi, mhasibu, ofisa utumishi, na mjumbe mmoja au wawili wa kujaza viti.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta swali la aina hiyo. Baadhi walilijibu ubaoni mbele ya msimamizi huku wakieleza wanachofikiri. Wengine walilijibu ubaoni vilevile, ila wakiwa peke yao chumbani. Uwezo wa waliotazamwa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Idadi yao ilikuwa ndogo na mimi singeijengea sheria, lakini inatosha kukutia shaka kwamba jopo lako linapima woga kuliko linavyopima ujuzi.

Kwetu kuna jambo la ziada. Kijana aliyelelewa vizuri hambishii mzee hadharani. Mwenyekiti akimwambia, "Sasa hapo weka tu jumla ya mwezi," naye anajua kwamba jumla hiyo itarudia malipo yaleyale mara mbili, wengi watasema "Sawa, mzee" na kuandika walichoambiwa. Jopo linaondoka likiamini amekubali kwa kutojua. Kumbe programa unayemhitaji ni yule anayeweza kusema, "Samahani mzee, nikifanya hivyo hesabu itazidi, naomba nikuonyeshe," na mazingira ya jopo ndiyo yanayomziba mdomo. Ukilazimika kuwa na jopo, liwe la watu wawili, na mmoja wao awe anaijua kazi.

Mafumbo, kama mipira mingapi ya gofu inajaa kwenye ndege, yaacheni kabisa. Google waliyatumia kwa miaka, na mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wao wa rasilimali watu, alikiri hadharani kwamba hayabashiri chochote na ni kupoteza muda.

Kitu kimoja cha aina hii ningekibakiza: zoezi dogo la kuchuja. Linalojulikana zaidi ni FizzBuzz, lililoenezwa mwaka 2007 na programa Imran Ghory. Mwombaji anaandika programu inayohesabu 1 hadi 100. Penye namba inayogawanyika kwa 3 iandike neno moja, kwa 5 neno jingine, na kwa zote mbili yaandikwe yote mawili. Mtu anayeandika programu kila siku halimchukui dakika kumi. Mpe kompyuta, mwache peke yake, mtandao ukiwa umezimwa, kwa sababu akili mnemba hulijibu kwa sekunde. Asiyeweza, msiendelee naye. Aliyeweza amevuka kizingiti tu, na bado hujajua lolote kuhusu ubora wake.

Kazi inayofanana na kazi

Hapa kuna sura mbili ambazo waajiri huzichanganya.

Ya kwanza ni kazi ya nyumbani isiyolipwa: "Tutengenezee mfumo mdogo wa mauzo, utuletee Jumatatu." Ubaya wake uko wazi. Mwenye ajira na familia hana wikiendi nzima ya kukupa bure, hivyo unabaki na wenye nafasi, ambao si lazima wawe bora. Huwezi kujua aliandika nani: yeye, rafiki yake wa Dodoma au akili mnemba. Tena vijana wengi wameshaona kazi yao ya usaili ikitumika kweli ofisini huku wao wakiambiwa nafasi imejazwa. Huo ni wizi wa jasho, na habari zake katika mji kama huu husambaa upesi. Ukiufanya mara moja, wazuri hawatakuja tena kwako.

Sura ya pili ni kazi fupi ya nusu siku au siku moja, inayolipwa, yenye sura ya kazi atakayoikuta. Chukua mshahara uliopanga kumlipa, ugawe kwa siku za kazi za mwezi, umpe kiasi hicho. Ukichuja vizuri mwanzo, utawalipa watu wawili au watatu tu. Ni pesa ndogo ukiilinganisha na mfumo ulioandikwa vibaya na kuachwa.

Nichukue mfano wa mfanyabiashara wa dagaa. Anaandaa jedwali la Excel la mapokezi ya miezi sita, mistari kama mia tatu: tarehe, jina la mtumbwi, kilo, bei, namba ya simu ya mlipwaji, namba ya muamala. Ombi ni moja: "Nataka nijue kila mtumbwi umeniletea kiasi gani kila mwezi, na nimemlipa nani shilingi ngapi." Ndani ya jedwali yanabaki matatizo ya kawaida ya kumbukumbu za mwalo. Simu moja imeandikwa kwa sura tatu: ya kwanza inaanza na sifuri, ya pili inaanza na 255, na ya tatu sifuri yake imemezwa na Excel. Kilo zimeandikwa 12.5 mahali pamoja na 12,5 pengine. Tarehe 03/04 inaweza kuwa ya Machi au ya Aprili. Kuna mistari miwili yenye namba moja ya muamala, na mitumbwi miwili yenye jina moja lakini wenyewe tofauti.

Na kuna mapengo. Kila mwezi, kwa siku kadhaa mfululizo, mapokezi yanashuka karibu na sifuri.

Hapo kaa utazame. Mwombaji dhaifu ataandika programu inayokimbia bila kulalamika, ifute kimyakimya mistari inayofanana na kutoa jumla safi. Mwingine atadhani mapengo ni kumbukumbu zilizopotea na kuyajaza kwa wastani wa siku za jirani, jambo ambalo ni kutunga mzigo usiokuwepo. Yule unayemtafuta atasimama na kuuliza: "Hizi siku vipi, hamkupokea au hamkuandika?" Jibu kila mvuvi analo: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Hata pengo kubwa linaweza kuwa la kweli. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei. Mwombaji aliyetoka Morogoro si lazima ayajue haya. Lazima aulize. Programa anayeuliza kabla ya kufuta atakuokolea pesa kwa miaka, na tabia hiyo huwezi kuiona kwenye cheti wala ubaoni.

Vivyo hivyo kwa mistari yenye namba moja ya muamala. Malipo ya simu huweza kutuma taarifa moja mara mbili pale mtandao unapoyumba. Je, mfumo wake utaihesabu mara mbili? Akieleza mwenyewe kwamba namba ya muamala ndiyo inayotofautisha malipo na malipo, mpe alama zote za kipengele hicho.

Akimaliza, usimruhusu aondoke. Mpe badiliko dogo alifanye mbele ya mtu mmoja tu: "Sasa nataka uzito wa gunia utolewe kabla ya kuzidisha bei." Aliyeielewa kazi yake atajua pa kugusa, hata kama msaada mwingine aliupata kwenye akili mnemba. Mimi simkatazi mtu kuitumia, maana kazini ataitumia. Aliyenakili bila kuelewa atatafuta mahali pa kuanzia mpaka muda uishe.

Tahadhari moja ya kisheria. Usiwape waombaji majina na simu halisi za wateja wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe unayezitunza. Badilisha majina, badilisha namba, acha matatizo yabaki. Na kama kazi aliyoifanya unataka uitumie kweli, mwandikiane mkataba na umlipe thamani yake.

Maongezi, yaliyopangwa na yasiyopangwa

Usaili wa kawaida huku ni maongezi. Unatoka wapi, ulisoma wapi, unajionaje baada ya miaka mitano. Ni rahisi na ni wa kirafiki, ila anayeshinda ni mwongeaji. Katika majumuisho ya 1998 maongezi yasiyopangwa yalipata 0.38, na yenye maswali yaliyopangwa 0.51. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu kwa namna wanayoiona ni sahihi zaidi: yasiyopangwa yakashuka hadi 0.19, yaliyopangwa yakawa 0.42, juu ya njia zote walizozilinganisha. Kipimo cha kazi ya mfano nacho kilishuka, kutoka 0.54 hadi 0.33. Ndiyo maana sikushauri uchague kazi ya mfano uyaache maswali. Viwili hivyo vinasaidiana, na maswali bora ni yale yanayohusu kazi aliyoifanya asubuhi ileile.

Kupanga maana yake ni hivi: maswali yaleyale kwa kila mwombaji, kwa mpangilio uleule, majibu mazuri na mabaya yameandikwa kabla, na kila msaili anaweka alama zake kwenye karatasi kabla hajazungumza na mwenzake. Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Mkubwa akishasema "huyu yuko vizuri", alama za wengine zinamfuata.

Kwa SACCOS ningeuliza swali la riba. "Mwanachama amekopa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 18. Mfumo wako utamdai riba kiasi gani?" Akijibu papo hapo 216,000, amechukulia kwamba riba inatozwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho. Ikiwa riba ni ya salio linalopungua na mtaji unarejeshwa 100,000 kila mwezi, jibu ni 117,000. Tofauti ni shilingi 99,000 kwa mkopo mmoja. Jibu la mtu wa kuajiri linaanza na swali: "Mnatumia riba ipi?" Swali hili halihitaji msaili anayejua kuandika programu, mhasibu wako anatosha.

Maswali mengine mawili ninayoyapenda yanatoka kwenye maisha yetu ya umeme. "Umeme ukikatika wakati rejesho limeshapunguza deni lakini halijaingia kwenye daftari la fedha, asubuhi mfumo utaonyesha nini?" Jibu zuri ni kwamba vitendo hivyo viwili hufungwa pamoja, vikamilike vyote au visifanyike vyote. Jibu baya ni "tutanunua UPS", yaani betri ya akiba ya kompyuta. La pili: "Nakala rudufu unaiweka wapi, na mara ya mwisho uliirejesha lini ukaona inafanya kazi?" Wengi wana jibu la nusu ya kwanza tu. Nakala iliyo kwenye kompyuta ileile, kwenye ofisi ileile, itaungua au kuibwa pamoja na mfumo.

Kama hakuna ofisini anayeweza kupima majibu ya kiufundi, mtafute programa wa nje umlipe kwa saa mbili au tatu, hata kwa simu ya video. Sharti lake: asiwe ndiye aliyekuletea mwombaji, wala asiwe anaitaka kazi hiyo mwenyewe.

Miezi ya majaribio

Hakuna kipimo kinachokaribia ukweli kama kumwona mtu kazini kwa miezi mitatu, na hakuna kinachogharimu zaidi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, kwa hiyo wengine huona njia rahisi ni kuajiri haraka na kuacha haraka. Mimi naipinga kama njia ya kuchagua. Mtu ameacha kazi Mwanza, amehamisha watoto shule, amepanga nyumba Mwanga hapa mjini Kigoma, kisha mwezi wa tatu unamwambia hakufaa kwa jambo ambalo ungeliona kwa siku moja ya kazi ya kulipwa. Nawe umebaki na mfumo wa nusu ambao atakayefuata atataka kuuandika upya. Miezi ya majaribio itumike kuthibitisha uliyekwisha kumchagua kwa makini.

Nani achukue ipi

Mwenye biashara asiyejua programu, anayetaka mfumo mmoja kisha matengenezo ya hapa na pale, asiajiri mapema. Atoe mkataba wa kazi maalumu kwa kipande kidogo cha mfumo, kwa mfano mapokezi peke yake, alipe kwa hatua, na amtazame mtu anavyouliza na anavyorekebisha. Hiyo ndiyo kazi ya mfano, iliyorefushwa.

SACCOS na yeyote anayeshika fedha za watu afuate njia nzima: zoezi la kuchuja, siku ya kazi ya kulipwa, maswali yaliyoandikwa, msaili wa nje. Hapa sioni pa kupunguza, hata kama bodi ina haraka.

Shirika lenye programa tayari linaweza kuacha siku ya kazi na kumkalisha mwombaji na programa huyo kwa saa mbili, wakirekebisha pamoja hitilafu halisi iliyokwisha kutatuliwa. Wawili hao watajuana kuliko jopo lolote litakavyowajua.

Ukitafuta mwanagenzi aliyetoka chuoni juzi, siku nzima ya kazi ni nzito mno. Zoezi la kuchuja linatosha, kisha mpe kurasa mbili za maelezo ya kitu asichokijua, mwache saa moja, halafu akufundishe wewe. Mwanagenzi anapimwa kwa kasi ya kujifunza.

Kwa mwombaji aliye Dar es Salaam, usimwite kwa nauli yake kuja kukaa mbele ya jopo kwa dakika ishirini. Mtumie jedwali, mkubaliane saa ya kuanza, badiliko dogo alifanye mkiwa kwenye simu ya video, umlipe siku hiyohiyo. Akifaulu, mlipie nauli aje aione ofisi, akutane na mhasibu atakayefanya naye kazi na ajue jenereta inawaka saa ngapi, kabla hajatia saini.

Walioshindwa nao waambie ndani ya wiki, kwa maandishi, na uwaonyeshe walipokosea kwenye jedwali lile. Mmoja wao anaweza kuwa ndiye utakayemhitaji mwakani, akiwa amekwisha kuiva.